Askari Aliyevutwa Kushoto

Fundi saa alikuwa amekufa mara kumi na nne tangu amalize chai ya asubuhi, na mara zote kumi na nne alifia mahali pamoja, katika shimo la maji ya kijani lililokuwa upande wa kushoto wa ujia.

"Umetumbukia tena, Baba," alisema mkwewe, aliyeketi ukingoni mwa kochi.

"Nimeona."

"Nenda mbele moja kwa moja. Mlango wa buluu ule pale, unakutazama."

"Kama ni kutazamana, mkwe, tumetazamana wiki tatu sasa."

Gemu hiyo ilikuwa ya ujana wa mkwe: mashine ya kijivu yenye kaseti moja, iliyounganishwa na televisheni ya kichogo. Mchezaji hauoni mwili wa askari wake. Huona tu yale ayaonayo askari, na mtutu wa bunduki ukichungulia chini ya kioo. Katikati ya kishikio kilichoshikwa kwa mikono miwili palikuwa na kijiti kifupi, nacho kilisukumwa kwa kidole gumba cha kushoto ili askari ageuke na kwenda.

Kidole hicho ndicho kilicholeta yote haya. Kiharusi kilikuwa kimepita katika mkono wa kushoto wa fundi na kuuacha mvivu. Binti yake, aliyekuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini, alimpa kwanza mpira wa kufinya. Mzee akaufinya siku mbili, kisha akaukalia. Ndipo binti alipoitoa mashine ya mumewe kabatini na kuweka makubaliano. Baba akimfikisha askari kwenye mlango wa buluu, atarudi katika chumba chake kidogo chini ya ngazi, alikotengeneza saa kwa miaka thelathini na sita. Akishindwa, mwenye jengo atachukua ufunguo Jumamosi adhuhuri. Leo ilikuwa Jumamosi, na ufunguo ulikuwa juu ya televisheni, umelala na uzi wake.

"Baba," binti aliita kutoka chumba cha pili, alikokuwa akipiga pasi, "kama huwezi kumtembeza askari hatua ishirini, utashikaje gurudumu dogo kama punje ya mtama?"

Fundi alikuwa amefunzwa tangu utoto kwamba mtu akikosea ajitazame mwenyewe kwanza, na kwa wiki tatu alikuwa amejitazama mpaka amechoka kujiona. Alijaribu tena. Askari akapiga hatua nne zenye heshima, akapinda kushoto, akazama.

"Kumi na tano," alisema mkwe. "Hebu nikuonyeshe."

Mkwe akakitwaa kishikio, akaupita ujia kama mtu anayekwenda dukani, akawapiga walinzi wawili, akasimama mbele ya mlango wa buluu. "Umeona? Unakilaza kijiti kidogo kulia."

"Kwa nini kulia, na mlango uko mbele?"

"Ndivyo inavyochezwa, Baba."

"Nani alisema?"

Mkwe akafikiri. "Hakuna aliyesema. Ndivyo nilivyozoea."

Fundi akakipokea kishikio. Katika chumba chake chini ya ngazi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja. Mteja alikuja na saa pamoja na hadithi yake ndefu, kwamba imeanguka, kwamba imefuliwa pamoja na shati. Fundi aliiacha hadithi ipite. Aliilaza saa juu ya kitambaa, akaondoa mikono, akaitazama ikiwa peke yake, kwa sababu kitu kilicho mkononi huchukua tabia za mkono. Wiki tatu hakuwa amekifanyia kishikio hiki jambo hilo hata mara moja, maana alikwisha kukubali kwamba kibovu ni yeye.

Alimwomba mkwe aanze mchezo upya. Kisha akakilaza kishikio mezani na kuweka mikono juu ya magoti.

Kiooni, askari ambaye hakuguswa na mtu alianza kugeuka. Aligeuka kushoto polepole, kama aliyeitwa na mtu nyuma yake. Akauona ukuta, akaliona shimo, akauona ukuta tena.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Nani anamgeuza?"

"Mikono yangu hii hapa," alisema fundi. "Muulize mumeo."

"Mbona iko hivyo siku zote," alisema mkwe.

"Siku zote tangu lini?"

"Tangu nilipoiangusha. Nilikuwa darasa la sita."

Fundi alimtupia jicho alilowawekea watu wafunguao saa kwa kisu cha jikoni. "Wiki tatu, mkwe."

"Sikujua, Baba, haki ya nani. Kidole kinajirekebisha chenyewe."

"Niletee mkoba wangu."

Alitandaza kitambaa, akafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa mstari. Chini ya kijiti palikuwa na springi mbili ndogo, na moja imelegea. Binti aliketi mkabala naye. Hakukitazama kishikio, alikitazama kidole gumba. Fundi aliishika springi kwa mkono wa kushoto, akainyoosha kwa kibano kwa mkono wa kulia, nayo ikamponyoka na kuruka chini ya kabati.

"Hiyo ni springi au ni mkono?" aliuliza binti.

"Ni mkono," alisema fundi, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kusema uongo.

Mkwe alilala kifudifudi, akaitafuta, akairudisha na vumbi lake. Safari hii kidole kilitetemeka, lakini hakikuachia. Fundi akafunga skrubu zote na kukilaza kishikio mezani. Askari akasimama wima.

Mkwe, asiyeamini, alikitwaa kwanza. Askari akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kulia na kuugusa kwa pua. Akarudi, akaugusa tena.

"Kidole hicho kina kasoro, mkwe. Mwambie mkeo akupe mpira wa kufinya."

Binti alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha fundi akashika. Askari akanyooka, akalipita shimo bila kuligeukia, na hatua tatu kabla ya mlango wa buluu mlinzi akatokea na kumpiga risasi.

"Amekufa," alisema mkwe.

"Amekufa akiwa amenyooka."

Mlango wa mbele ukagongwa. Sauti ya mwenye jengo ilipiga hodi, kwa upole wa mtu aliyekuja kuchukua kitu. Binti akauchukua ufunguo juu ya televisheni.

"Makubaliano yalikuwa mlango wa buluu, Baba."

"Yalikuwa hayo," alisema fundi.

Binti akauweka ufunguo katika kiganja chake cha kushoto, akavikunja vidole vyake juu yake. "Kaza."

Akakaza. Binti akajaribu kuuchomoa, ukakataa.

"Kila siku, asubuhi tu. Saa sita mchana uwe umerudi," alisema, akaenda kumjibu mwenye jengo.

Fundi aliufunga uzi wa ufunguo kwenye kifungo cha shati. "Washa tena, mkwe. Zimebaki hatua tatu."