Chumba Kinachotazamana na Zahanati

Mzee Faida alikuja dukani kwangu asubuhi, kofia mkononi, akanikuta nashona sare za wauguzi. Nilimwacha asimame. Kiti kilikuwepo, nikakirundikia vitambaa.

Jina la Faida tulimpa wenyewe. Alipokuwa mwenyekiti wa mtaa, tuliitwa uwanjani kuamua fedha za maendeleo zijenge zahanati au uzio wa soko, kila mtu asimame upande autakao. Akazunguka akiwanong'oneza watu: "Zahanati inakula tu, haizai faida. Mfanyabiashara gani atafuata wagonjwa?" Watu wa upande wetu, wa zahanati, wakavuka mmoja mmoja, nawatazama. Uzio ukajengwa. Mwaka uliofuata mdogo wangu alishikwa na uchungu, akafia njiani kabla hatujaifikia hospitali, kichwa chake mapajani pangu. Na mtoto tukamkosa.

Zahanati ilikuja baada ya Mzee Faida kuondolewa uenyekiti, ikajengwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na nyumba tuliyoachiwa na baba. Kwa ajili ya zahanati tukaletewa umeme, maji na lami. Ikafuata maabara ya mtu binafsi, kisha benki, kisha kiwanda cha mikate, mwenyewe akisema hawezi kuajiri watu mahali ambapo wakiugua hawana pa kwenda. Soko lenye uzio limebaki na mbuzi.

"Mwanangu," akasema, "nasikia chumba cha kona cha nyumba yenu kiko wazi. Kijana wangu anataka kufungua duka la dawa."

"Si afungue kule sokoni?"

"Kule biashara imekufa. Imehamia huku."

"Imefuata nini?"

Akasema chini chini: "Zahanati."

"Sema kwa sauti, Mzee. Mafundi rangi hapo nje hawajasikia."

Akasema kwa sauti. Nilisikia raha mpaka vidoleni, sina haja ya kudanganya.

"Basi utatupa chumba?"

"Hapana."

Mama, aliyekuwa akikata nyuzi pembeni, alingoja atoke. "Umeshamkomoa, inatosha. Sasa mpangishe mwingine, tupate kodi."

"Simpi mtu."

"Kitakaa bure mpaka lini?"

"Mkwewe Mzee Faida ana mimba, mama. Atakuwa akimsindikiza kliniki. Nataka kila akipita aukute ule mlango umefungwa. Na mkwewe ajifungue salama, arudi naye nyumbani na mtoto. Ajue alichotunyima."

Mama akaweka mkasi chini, akalia. Mimi nikaendelea kushona.