Pa Kumwacha Asumini

Nilikuwa naenda harusini Unguja, nikatafuta pa kumwacha Asumini, paka wangu.

Kwa Bimkubwa nilipewa kahawa na maneno matamu. Lakini alipoinua tu mkono ajikune kichwa, paka wake akakimbilia uvunguni. Nikaaga.

Kwa Mwanahalima nilikuta matusi. "Mwizi we, kichwa cha chewa umekila," alimfokea paka wake. Paka hakufumbua hata jicho. Kalala juu ya kanga mpya ya sikukuu ya Idi, na mwenyewe Mwanahalima kajifunga kuukuu ili asimwamshe. Nikamwacha Asumini papo hapo.

Ndugu walinizuia huko Unguja; niliporudi baada ya miezi miwili, Asumini alinitazama, akapiga miayo, akarudi mapajani kwa Mwanahalima.

"Mwizi we," nikasema.

Mwanahalima akacheka. Alijua anaambiwa yeye.