Viatu vya Kuazima

Wachuuzi walichanga ili marehemu mume wangu, mfagizi wa soko lao, awekewe sanamu ya shaba mlangoni, ya kimo chake kilekile. Kabla ya kumimina shaba, mchongaji aliniita karakanani nikague umbo la udongo. Uso ulikuwa wake kabisa. Miguu ndiyo iliyonishinda.

“Mwanangu, mbona umempa miguu ya tembo?”

“Nimefuata picha uliyonipa, Bibi.”

“Viatu vya pichani aliazima kwa kaka yangu! Yeye alifagia kwa ndala.”

Mchongaji alicheka, akachukua kisu, akaanza miguu upya. Nikatoa ndala zake mkobani. Alipiga magoti kuzipima, taratibu, kana kwamba mwenyewe bado amezivaa.

Kaka yangu mpaka leo amenuna: viatu vyake vimekosa umaarufu.