Sura za Watu wa Mofu

Kompyuta ya Kelestini iliwaka vizuri Jumatano ile asubuhi, ila haikuwa na sura ya mtu hata mmoja. Picha zote alizopiga kwa miaka kumi na mitatu pale steshenari kwake Mbingu hazikuwamo. Na mbele ya meza alikuwa amesimama mzee Kasmiri kutoka Mofu, aliyefiwa na mkewe jana yake, anataka picha ya marehemu ikuzwe na kuwekwa kwenye fremu. Mazishi yalikuwa kesho saa nane.

Huko bondeni jeneza haliendi makaburini hivihivi. Mbele hutangulia msalaba, na nyuma ya msalaba mjukuu kabeba picha ya marehemu, ili hata aliyechelewa kufika ajue anamsindikiza nani. Zamani familia ilitoa picha kwenye sanduku. Lakini mwaka ule mto ulipopanda na kuingia Mofu, ulichukua masanduku, na picha zilizobaki zikawa kama uji. Marsiana, mke wa Kasmiri, hakuwahi kuletewa kitambulisho cha taifa, aliishia kupewa namba tu. Picha yake ilikuwa moja, ile aliyopigwa na Kelestini kwa ajili ya kadi ya kikundi cha wakulima wa mpunga, na kadi yenyewe ilikwenda na maji. Picha ilibaki ndani ya kompyuta. Baada ya mafuriko nusu ya Mofu walikuja Mbingu kutafuta sura zao kwa Kelestini, naye akawachapia, akajiona mtu.

"Mzee Kasmiri, kaa kidogo," alisema. "Hii mashine imenifanyia uhuni."

Hakusema uhuni wenyewe ulianzaje. Ulianza Jumamosi, na shemeji yake.

Gaudensi, aliyemwoa dada yake Kelestini, ni fundi wa kompyuta Ifakara mjini. Kelestini hakumwamini hata kidogo. Miaka ya nyuma alimpa simu aitengeneze, ikarudi inafanya kazi lakini betri siyo ile. Gaudensi alisema ya zamani ilikuwa imevimba, imetupwa. Kelestini akauliza mbona uvimbe huo yeye mwenye simu hakuwahi kuuona. Tangu hapo kila shemeji akifika na begi lake, Kelestini alihesabu vitu vilivyo mezani kabla hajaingia, akavihesabu tena akishaondoka.

Jumamosi ile Gaudensi alikuja na mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, umeandikwa Kiswahili kuanzia juu mpaka chini. Alieleza kwamba kuna vijana wameutengeneza, haujatoka rasmi, na wanatafuta watu wenye kazi za kweli waujaribu na kusema unakwama wapi. Wenyewe wanauita beta, maana yake bado haujaiva.

Kelestini aliuliza kwa nini mtu agawe kitu bure. Akauliza vijana hao ni wa nani na nani anawalisha. Akauliza kama mfumo huo unaweza kuona kilichomo ndani ya mashine. Gaudensi alijibu yote, hapa akicheka, pale akikuna kichwa, na kila jibu likazaa swali. Mwisho akashauri wasiuweke kwenye mashine ya kazi. Alikuwa na kompyuta nyingine, kuukuu, kwenye begi. Angemwachia aujaribie humo.

"Ili kila nitakachoandika ukisome jioni," alisema Kelestini.

"Shemeji, wewe unaandika barua za kuomba kibali cha disko la kipaimara. Nani ana muda wa kuzisoma?"

Tatizo ni kwamba Kelestini aliutaka mfumo ule. Shule aliiachia darasa la tano, na kompyuta alijifunza kwa macho: neno la nne kutoka juu ni la kuchapa, la mwisho kabisa ni la kufunga. Kiingereza kilichoandikwa pale hakukijua, na hakutaka wateja wajue kwamba hakijui. Kikitokea kisanduku chenye maneno mageni, aliwaambia wateja umeme umekatika, akafunga mlango mpaka apate wa kumtafsiria kwa simu. Sasa Gaudensi akaiwasha ile kuukuu, na Kelestini akasoma kila kilichokuwa kwenye kioo, yeye mwenyewe, bila kupapasa. Akakohoa. Akasema basi, utawekwa, lakini kwenye mashine yake, siyo kwenye mashine ya mtu.

Gaudensi alikataa, akabembelezwa, akakubali kwa sharti moja: picha zote zihamishwe kwanza. Akatoa diski yake.

"Zihamie kwako?"

"Kwa muda tu, shemeji."

"Hata betri ilikuja kwako kwa muda."

Kelestini akamtoa nje akanywe chai kwa mama ntilie wa jirani. Akavuta pazia, akachomeka flashi yake mwenyewe. Kwenye kioo kulikuwa na mafolda ishirini na mawili, kila kijiji na lake, Mofu, Chita, Mbingu yenyewe na mengineyo, kama yalivyopangwa na yule aliyemuuzia mashine. Kila folda lilikuwa na kishale kidogo kwenye pembe. Kelestini alikuwa ameviona vishale hivyo miaka yote akidhani ni pambo. Akayaburuta mafolda yote mpaka kwenye flashi. Alitegemea kazi ya nusu saa, ikaisha kufumba na kufumbua.

Kwa kuwa si mtu wa kuamini, hakuiamini hata flashi yake. Akalifungua folda la Mofu humohumo kwenye flashi, na sura zikaja zote, Marsiana akiwa mstari wa tatu. Akatosheka. Akaichomoa, akaifunga kwenye kitambaa, akaingia ndani kwake nyuma ya duka na kuifukia katika debe la mchele.

Gaudensi aliporudi alishangaa. "Umeshamaliza? Picha zote zile?"

"Nimehamisha, nimefungua, nimeziona."

"Nioneshe ukubwa wake tu. Sifungui kitu."

"Hata ukubwa huuoni."

Fundi akashusha pumzi, kazi ikaanza. Katikati mashine ikauliza swali, nalo lilikuwa la Kiswahili safi: itunze mafaili ya zamani, au ifute vyote? Gaudensi alimwambia achague la kwanza. Kelestini alisoma mistari yote miwili polepole, akaelewa kila neno. Akawaza kwamba akiyaacha mafaili humo, vijana wale wasiojulikana watayachungulia, na sura za watu wa Mofu zitazungushwa huko wanakojua wao. Akapeleka kidole kwenye mstari wa pili.

"Hilo halirudi, shemeji," alisema Gaudensi.

"Ndiyo maana nalichagua."

Kuanzia hapo alikaa na mfumo ule kama mtu aliyepangisha chumba kwa mgeni asiyemwelewa. Jicho la kamera alilibandika plasta ya kidonda. Kila ulipomuuliza kama angependa kutuma taarifa kwa watengenezaji, alijibu hapana, na ulipouliza mara ya tatu siku moja, aliuzima kabisa akaenda kulima bustani. Lakini kazi ilikwenda, tena haraka. Alichapa mitihani ya shule mbili, akaskani vyeti vya watu, akapiga picha mpya na kuzitoa papo hapo kwa wenyewe. Flashi hakuigusa. Aliona akiichomeka tu, mfumo utazimeza zile sura.

Ndipo Kasmiri akafika, na flashi ikabidi itoke mcheleni. Mafolda yalikuwamo, yote ishirini na mawili. Akabonyeza Mofu. Mashine ikamwambia kwa adabu kwamba kinachotafutwa hakipo. Akabonyeza Chita, hakipo. Akayabonyeza yote, moja baada ya jingine, huku mzee akimtazama kutoka kwenye benchi.

Alimpigia Gaudensi simu na kumwita mwizi, tena mbele ya mfiwa. Akamwambia zile picha wamezichukua wale vijana wake, na leo hii atazirudisha kwa miguu yake. Gaudensi aliuliza swali moja, kama mashine imewashwa, akaambiwa ndiyo, akasema izimwe asiiguse tena.

Alifika saa sita kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliitazama flashi kwa dakika moja. Vyote vilivyokuwamo, alisema, kwa pamoja havifikii ukubwa wa picha moja ya pasipoti. Akamwonesha kile kishale.

"Shemeji, hiki ni kama kibao cha barabarani kinachosema Mofu ni kule. Siku ile ulipobonyeza kilikupeleka, kwa sababu Mofu ilikuwa bado ipo. Wewe umehamisha kibao. Mofu yenyewe uliiacha ndani, halafu ukachagua ifutwe."

Kelestini alitafuta pa kumshika. Alilitazama lile begi, akaitazama ile diski ambayo Jumamosi ilikaa tupu mezani. Hakupata pa kumshika.

Gaudensi aliichomeka mashine kwenye ile kuukuu yake na kuanza kuchimba. Alieleza kwamba kilichofutwa hubaki chini kwa muda, kama kitu kilichozama kwenye tope, lakini ukishaweka vingine juu yake hakipatikani tena. Mfumo wenyewe ulikuwa umekalia sehemu kubwa, na mitihani na vyeti vya siku nne vimekalia nyingine. Mpaka saa kumi na moja sura zilikuwa zikitokea mojamoja, nyingine nzima, nyingine paji la uso tu na chini kijivu kitupu. Kasmiri alisogea, akasimama nyuma yao, akawa anazitaja majina.

Ilipofika mwisho Marsiana hakuwa ametokea, na Gaudensi akamwachia mwenye duka aseme. Kelestini angeweza kusema mfumo ni mbovu. Mzee asingejua.

"Mzee," alisema, "picha ya mama nimeifuta mimi. Niliulizwa, nikasoma, nikachagua kufuta. Niliogopa kuibiwa."

Kasmiri alirudi kwenye benchi, akakaa. Kisha akauliza, "Humo kwenye picha, alikuwaje? Mimi siikumbuki."

"Alikuwa amekasirika kidogo. Nilimwambia ashushe kidevu, akaniambia nisimfundishe kukaa."

"Basi alikuwa ndiye," alisema Kasmiri. Akaaga, akaondoka kwenda kupanga mazishi.

Kesho yake saa nane msalaba ulitangulia, na nyuma yake hakukuwa na kitu, likaja jeneza. Kelestini alikuwapo, nyuma kabisa. Watu walimwitikia salamu, hakuna aliyemwongelesha.

Usiku huo alifungua daftari la wateja, akahesabu. Picha alizokuwa nazo: elfu mbili mia sita na kumi na nne. Zilizorudi nzima: mia moja sabini na tatu. Za watu wa Mofu zilikuwa mia nne na mbili, zimerudi kumi na tisa. Kati ya watu hao wa Mofu, waliokwishafariki ni thelathini na wanane. Waliorudi ni watatu. Marsiana hayumo.