Bega Halina Kosa

Mama Pacha alikuwa ameshafeli mtihani wa vitendo wa tiba ya viungo mara mbili, na huu wa tatu ndio wa mwisho. Akianguka leo, miaka mitatu ya kumwachia bibi yao pacha wake itakuwa kazi bure. Ugonjwa wake chuo kizima kiliujua: mgonjwa akitaja goti, yeye huyo, mbio kwenye goti. "Mikono yako inafika kabla ya macho," mtahini alimwambia mara zote mbili, na maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli tupu.

Mgonjwa wa leo alikuwa kinyozi, mcheshi asiyefunga mdomo, bega la kulia likimuuma. Mama Pacha akafumbata mikono nyuma ya mgongo isije ikamponza tena.

"Hebu tembea mpaka dirishani, kaka."

Kinyozi akatembea wima kama bwana harusi. Hapakuwa na cha kuona. Mama Pacha akawaza. Nani hajinyooshi akijua anatazamwa? Dawa ni kumpa kazi yake. Lakini kinyozi bila kichwa atanyoa nini?

"Mwalimu, samahani," akasema, roho mkononi. "Naomba ukae kitini."

Mtahini, mama wa maneno machache, akamkazia macho, kisha akakaa. Kinyozi akapewa kitana, porojo zikaanza: "Shangazi, tupunguze pembeni?" Akamzunguka na kujisahau kabisa. Hapo mwili ukasema wenyewe. Kisigino cha kulia hakikugusa sakafu. Kiuno kikakimbilia kushoto, mbavu zikapinda, na bega likapanda mpaka karibu na sikio, maskini, likibeba zigo la mguu.

"Kaka, mguu huu uliwahi kuumia?"

"Dada, mimi nimeleta bega! Mguu haukualikwa." Kisha akajikuna kichwa. "Kifundo kiliteguka, zamani. Kikapona."

"Maumivu ndiyo yaliyopona. Kifundo kimebaki kigumu, kisigino hakifiki chini." Akakunja taulo, akaliweka chini ya kisigino. "Haya, endelea kunyoa."

Bega likashuka. Kinyozi akalizungusha mara moja, mara mbili, akacheka.

Mtahini alikuwa bado kitini, nywele timutimu. "Kesho saa mbili asubuhi uwe hapa, mwenzangu," akasema. "Wagonjwa watatu wa kwanza ni wako."

Miaka mitatu mama huyu alikuwa akimwita "wewe". Mama Pacha akalia pale pale, mbele ya mgonjwa, wala hakuona aibu.