Watoto wa Mzee Shaban

Mwaka wa sabini na moja, kila alasiri, Fakhria alipanda baiskeli kutoka Tabora mjini kwenda Kwihara kufundisha watu wazima Kiingereza. Huko kulikuwa na jambo lililomnyima raha. Mzee Shaban, fundi seremala, alikuwa mwepesi kuliko wote kwa yale majina ya Kizungu yanayogeuka ovyo yakiwa mengi. Ukitamka "foot", yeye keshasema "feet". Ukisema "tooth", "teeth" hiyo hapo. Lakini akiulizwa, "Mzee, una child mmoja, ukiwa nao watatu, je?" anatazama dari kama hakusikia.

Siku ya nne Fakhria akashindwa kujizuia. "Mzee wangu, jibu unalo. Mbona unanificha?"

"Ninalo, Mwalimu. Ila unataka nihesabu watoto wangu. Watoto hawahesabiwi, husuda ina masikio."

"Jamani! Miaka kumi ya uhuru, bado tunaogopa kuhesabu?"

Darasa zima likacheka. Mzee Shaban hakucheka.

"Haya, Mwalimu. Wewe unao wangapi?"

Fakhria akafungua kinywa. Moyoni akawaona wanawe: akamwona Khole, akamwona Salmini, akamwona na yule mdogo aliyemwacha nyumbani anachemka homa.

"Wapo," akasema kwa sauti ndogo. "Alhamdulillahi, wapo."

"Children," akajibu Mzee Shaban kwa upole, na safari hii hakuna aliyecheka.