Kibaba cha Dharura

Mama Pasi alikuwa ameinama chumbani kwake, anachota maji ya mtaro kwa beseni na kuyamwaga nje, nayo yanarudi kwa mlango uleule kama mgeni asiye na haya. Juu ya kichwa chake, kwenye kamba, yalining'inia mashati ya wateja. Alikuwa ameyapiga pasi moja moja, kola zikasimama wima. Sasa, baada ya kuopolewa kwenye mafuriko ya usiku, yalinuka choo, yana madoa ya kahawia hadi kwapani, na kila shati lilikuwa na mwenyewe atakayekuja kulidai.

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali. Binti yake alikuwa amekaa katikati, miguu ameikunja, kichanga kifuani. Alikuwa amejifungua juzijuzi tu, na mwanamume aliyehusika alishaingia mitini kabla hata tumbo halijaonekana. Mtoto alishika titi, akanyonya kidogo, akaliachia na kulia kwa sauti nyembamba iliyokuwa inazidi kupungua.

"Mama, hayatoki."

"Yatatoka. Titi si bomba, mwanangu. Lazima ule."

"Nile nini?"

Ndoo ya unga ilikuwa imepinduliwa na maji, jiko la mkaa limejaa tope. Duka pekee lililobaki kavu lilikuwa limepandisha bei mara mbili kabla jua halijachomoza vizuri, na mwenye duka alikuwa akiapa kwa wateja wake kwamba anayepata hasara ni yeye. Mama Pasi aliweka beseni chini na kujifuta mikono kwenye khanga.

"Naenda stoo," alisema. "Kwa mara ya kwanza itatufaa."

Stoo hiyo ilikuwa ya mtaa mzima. Kila Jumamosi vijana wa Mwenyekiti walipita mlango kwa mlango na mkokoteni, wakikusanya kibaba cha dharura: wiki hii mchele, wiki ijayo maharage, kisha unga, kisha sukari au chumvi au chupa ya mafuta. Ukitoa, mlango wako unachorwa alama ya chaki. Usipotoa, huchorwi, na asiyechorwa hapangi ndoo bombani. "Haba na haba hujaza kibaba," Mwenyekiti alikuwa akiwaambia, mkono tumboni, na ukilitazama tumbo lenyewe ulijua kibaba chake kilijaa zamani. Mama Pasi hakuwahi kukosa. Mara nyingine alitoa mchele uliokuwa uwe mlo wake wa jioni, akalala na chai ya rangi.

Walifundishwa hata namna ya kutunza. Manispaa ilimleta mtu wake, ambaye watu walimwita Afisa Maafa, na fundi viatu wa kona alikuwa akisema jina limemkaa, maana anapokanyaga yeye ndipo maafa yanapoota. Lakini haki ya mtu apewe, alifundisha vizuri. Alisema mchele mweupe ukikaushwa na kufungwa vyema hukaa miaka. Sukari na chumvi haziozi, mradi zisiguswe na maji. Unga uliosagwa pamoja na kiini ni wa miezi michache tu. Mafuta huchacha. Maharage yakizeeka hayaozi, ila hugoma kuiva. Kwa hiyo, alisema, kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka, watu wakile, na kipya kiwekwe mahali pake.

Hilo la mwisho halikufanyika hata siku moja. Stoo ilikuwa ya dharura, na bila dharura haifunguliwi. Vijana walipokuja na unga mpya walifungua kidirisha, wakaumimina ndani ya pipa, juu ya ule wa mwaka juzi.

Mama Pasi alimkuta Mwenyekiti barazani mwa ofisi ya mtaa, iliyojengwa kwenye mwinuko. Suruali yake ilikuwa kavu hadi upindo. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Chini ya ngazi walisimama watu, magodoro vichwani, watoto mabegani, na fundi viatu amekumbatia sanduku lake la zana.

"Poleni na maji," Mwenyekiti alisema.

"Kupoa hatujapoa, Mwenyekiti," Mama Pasi alijibu. "Tunaomba stoo ifunguliwe. Nina mzazi ndani, tangu jana hajatia kitu tumboni."

"Ile ni stoo ya dharura, Mama Pasi."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni mvua." Alimeza tonge la mkate. "Dharura mpaka itangazwe. Kuna utaratibu. Manispaa wanakuja, wanakagua, wanatangaza, ndipo tunafungua. Nikifungua mimi leo, kesho mtasema Mwenyekiti amekula chakula cha mtaa."

"Mwenyekiti," fundi viatu aliita kutoka chini, "maji yamefika kiunoni. Tungoje yafike puani? Hapo nani atakuwa na mdomo wa kutangaza?"

Watu walicheka, kicheko kichungu. Mwenyekiti hakucheka. Aliagiza aongezewe chai.

Walikaa pale asubuhi nzima. Mara mbili Mama Pasi alirudi nyumbani mikono mitupu kumtazama binti yake, kisha akarudi tena barazani. Mara ya pili alimkuta mtoto ameacha kulia. Alikuwa macho, anatazama dari, midomo imekauka. Mama Pasi alimpandisha binti yake hadi kibarazani pa jirani palipokuwa pakavu, akamfunika kwa shati moja la mteja ambalo halikuwa limelowa sana. Mwenye shati angekuja na maneno yake, na aje.

Afisa Maafa aliwasili jua likiwa limeshapita utosini. Alivaa buti za mpira mpya, hazijawahi kuona tope, na alifuatana na mpiga picha na vijana waliobeba bango. Bango lilifungwa kwanza. Kisha akashika kipaza sauti.

"Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza rasmi kwamba mtaa huu umepatwa na dharura."

Watu waliokuwa wamelala juu ya meza na mapaa walipiga makofi. Walitangaziwa shida yao wenyewe na wakashukuru. Hata Mama Pasi alipiga, kisha akaitazama mikono yake na kuona kinyaa.

Mlango wa stoo, palepale mwinukoni nyuma ya ofisi, ulifunguliwa, na harufu ikatoka kabla mtu hajaingia. Ilikuwa ya ukungu na mikojo ya panya na mafuta yaliyochacha, yananuka kama rangi ya mlango. Mwanamke mmoja alitapika papo hapo, ingawa hakuwa na cha kutapika. Mama Pasi alifunika pua kwa khanga akaingia. Alifunua pipa la unga. Unga ulikuwa umeshikana mabonge ya kijivu, umefumwa utando, na utando wenyewe ulikuwa unatembea. Alipotumbukiza mkono ndani, ulikuwa na joto. Funza wadogo weupe walimpanda kiganjani, akawakung'uta.

Kando palikuwa na magunia ya maharage yaliyosinyaa, kila punje na tundu lake. Palikuwa na madumu ya mafuta. Upande wa pili, kwenye chaga za mbao ambako mchele uliwekwa, hapakuwa na kitu. Chaga za sukari, tupu. Chumvi, ambayo hata mwizi wa kuku huona haya kuiiba, nayo haikuwepo.

"Mchele uko wapi?" Mama Pasi aliuliza.

"Panya," Mwenyekiti alisema.

"Panya wamekula mchele na magunia yake?"

"Panya wa hapa usiwadharau, Mama Pasi. Wakubwa."

"Na sukari?"

"Iliyeyuka. Unyevu huo."

"Ikayeyukia wapi, Mwenyekiti? Sakafu hii kavu. Hata sisimizi mmoja wa kusingizia hayupo."

Mwenyekiti alimtazama Afisa. Afisa alitazama buti zake. Fundi viatu alikuwa amejipenyeza hadi mlangoni, akasema bila kupandisha sauti, "Afisa, ulitufundisha vizuri, bwana. Kinachokaa miaka kimeondoka chote. Kinachooza ndicho tulichoachiwa. Aliyeiba hakusinzia kwenye semina yako."

Nani asiyejua? Harusi ya mtoto wa Mwenyekiti ililisha watu siku mbili, wakasema Mungu amembariki. Waliokula siku ile walikuwa wamesimama pale mlangoni, na Mama Pasi alikuwa mmoja wao. Alikula wali wake mwenyewe, akashukuru, akafungashiwa na wa kwenda nao.

"Akina mama," Afisa alisema, "tusianze kutafuta mchawi wakati wa shida. Uchunguzi utafanyika. Kwa sasa tuokoe kilichopo. Unga ukichekechwa hauna neno. Na wadudu, kitaalamu, ni protini."

Alisema hivyo na uso wake haukubadilika.

Wakachekecha. Wangefanya nini? Masufuria yaliinjikwa uani kwa ofisi, kuni mbichi zikawatoa machozi. Mama Pasi alichekecha unga kwa khanga nyepesi, na kila alipoikung'uta, chini pakabaki rundo linalotambaa. Maharage yalichemka na kuchemka, maji yakaongezwa, yakaongezwa tena, na kila alipobonyeza punje kwa vidole ilimteleza ngumu kama kokoto. Mwisho waliyaacha. Ukabaki uji, bila sukari, bila chumvi, wa rangi ya maji ya mtaro. Ulipochemka vizuri, vidudu vilivyoponea chekecheo vilielea juu, akawa anaviengua pamoja na povu.

Foleni ilijipanga. Mpiga picha naye alijipanga, mahali ambapo bango lingeonekana. Mama Pasi alichota bakuli la kwanza na kulipeleka kwa mikono miwili mbele ya Afisa.

"Karibu, mheshimiwa. Mgeni huanza."

"Asante, mama. Mimi nimeshakula."

"Onja tu. Uwape moyo watu."

"Nimeshakula, mama."

Mama Pasi alimgeukia Mwenyekiti.

"Mimi nina vidonda vya tumbo," Mwenyekiti alisema haraka. "Daktari amenikataza uji."

Mama Pasi alirudi kwenye sufuria na kuweka upawa chini. Wanawake wengine wawili waliokuwa naye waliweka yao pia. "Basi," alisema. "Chakula kinachomshinda Mwenyekiti hata kuonja, mimi simpi mtu. Leteni mchele."

"Mama Pasi, usilete siasa."

"Leteni mchele wetu."

Mpiga picha alishusha kamera. Afisa alimnong'oneza Mwenyekiti kitu, na jasho likaanza kumtoka Mwenyekiti juu ya mdomo. Kwa kitambo kidogo ilielekea kwamba kitu kitatokea. Fundi viatu alikuwa tayari ameweka sanduku lake chini.

Ndipo watu wakapisha njia, na binti yake akaja, khanga imelowa hadi mapajani, mtoto amefungwa kifuani, bakuli la plastiki mkononi. Alitembea kwa shida, miguu ameitanua, kama anavyotembea mzazi ambaye hajapona.

"Mama, nipe."

"Rudi ukalale. Tunangoja mchele."

"Mama, hakuna mchele. Nipe huo."

"Umeoza huo. Nusa."

"Naunusa tangu kule." Alisogeza bakuli. "Hata kulia ameacha, Mama. Nipe."

Mama Pasi aliwatazama wanawake wenzake, nao wakatazama pembeni. Alimtazama mjukuu wake, kichwa kimelegea kwenye mkunjo wa khanga. Akainama, akaokota upawa, akaufuta kwa kiganja, akachota. Alichagua pa katikati, ambapo povu lilikuwa dogo. Bakuli lilipojaa alichovya kidole na kutoa mdudu mmoja, kisha wa pili, kisha akaona haina maana.

"Si mnaona?" Mwenyekiti alisema, uso umemrudi. "Kinalika. Haya, foleni isogee."

"Hapohapo, mama," mpiga picha alisema. "Mtazame binti. Tabasamu kidogo."

Foleni ilisogea. Fundi viatu alikuwa wa kwanza baada ya binti. Alinyoosha bakuli lake bila kumtazama usoni, kwa sababu naye alikuwa na njaa na alikuwa anaona aibu.

"Mchele wako umeibiwa," Mama Pasi alimwambia, huku akimchotea. "Shika uji wa funza."

Fundi viatu aliinua kichwa.

"Mwingine," Mama Pasi aliita. Alikuwa bibi mmoja wa nyumba za nyuma. "Sukari yako imeibiwa, bibi. Shika uji wa funza. Mwingine. Mchele wako umeibiwa, baba. Shika uji wa funza."

"Mama, hapo tunarekodi na sauti," mpiga picha alisema.

"Rekodi."

"Mama Pasi!" Mwenyekiti alifoka.

"Mwingine."

Afisa alitoa ishara kwa mkono, kamera ikazimwa, na vijana wakaanza kulishusha bango. Foleni haikupungua. Mama Pasi aliendelea kuchota na kusema yaleyale kwa kila bakuli, sauti inamkauka, na nyuma yake binti yake alikuwa amefumba macho, anameza.